Je, Kijana Asafiri Peke Yake kwa Gari la Moshi?

Asubuhi wagonjwa wanapongoja zamu yao, wengine hutuuliza: "Mtoto wetu ana miaka 15. Je, ni vema tumtume Kamina peke yake kwa gari la moshi?" Mimi ninajibu: Ndiyo, anaweza kwenda. Lakini si kwa gari lo lote, wala si bila mtu wa kumpokea.

Kumbukeni habari ya Luka 2. Yesu alikuwa na miaka 12. Yusufu na Maria walidhani yumo katika kundi la wasafiri, wakaenda mwendo wa siku nzima, kumbe hayumo. Hawakuwa wazazi wabaya. Walidhani tu, hawakuuliza. Sisi tusidhani.

Hatari ya kwanza ni gari la mizigo. Wengi huwapandisha watoto humo kwa kuokoa feza ya tikiti. Mwezi wa Machi 2022, gari la mizigo lililotoka Luena kwenda Tenke lilianguka bondeni usiku. Zaidi ya watu 60 walikufa. Mwaka wa 2014 pia wengi walikufa hivyo hivyo upande wa Kamina. Jirani akikuambia, "Wangu alifika salama," usimfuate.

Hatari ya pili ni umeme. Njia ya Likasi mpaka Tenke iliwekewa nyaya za umeme mwaka wa 1952. Mtu anayepanda juu ya paa si lazima aguse waya. Akiukaribia tu, umeme wa namna hii huruka ukamwunguza na kumwua.

Hatari ya tatu ni njia ndefu. Gari likiharibika, safari huwa ya siku nyingi. Kijana mwenye njaa hupokea chakula kwa mtu asiyemjua, na msichana hudanganywa kwa mapendo ya uongo. Tena upande wa Bukama kipindupindu hutokea mara kwa mara, na maji ya njiani yanaweza kumwua mtu kwa siku moja.

Basi fanyeni hivi. Mnunulieni tikiti ya gari la abiria. Mkabidhini kwa mama au mzee mnayemjua, anayesafiri njia ile ile. Mpeni chakula na maji yaliyochemshwa, kupita hesabu ya safari. Andikeni namba za simu kwenye karatasi, maana simu huzima. Anayempokea ajue siku, naye angoje kituoni.

Mtasema: "Feza ya tikiti haipo." Najua umaskini wetu. Basi mtoto angoje. Akichelewa shule mwezi mmoja, bado mnaye. Tuwaombee wasafiri kila siku, lakini tusimweke mtoto mahali pa mauti, halafu tupige magoti. Huko ni kumjaribu Mungu.