Ukurasa wa Wazazi: Majirani Wamjue Mtoto Wako



Leo tuongee juu ya mtoto asiyetoka nje. Pengine hatembei, ao hasikii, ao anaanguka kifafa, ao akili yake inakwenda polepole. Wageni wakibisha hodi, anaingizwa chumba cha nyuma. Mama anasema, "Ni juu ya haya ya batu." Mama, haya hiyo tunaielewa. Maneno ya watu yanauma. Lakini fikiri jambo hili moja.

Kadutu nyumba zetu za mbao zimebanana mlimani. Moto ukishika nyumba moja, unaruka kwa nyingine mbele watu hawajaleta maji. Mvua ikizidi, udongo unateremka pamoja na nyumba. Siku kama hiyo majirani wanawakimbilia watoto wanaowajua. Wanaita, "Fulani iko wapi?" Sasa yule ambaye hakuna anayejua kama yuko, nani atamwita? Mama yuko soko, papa yuko machimboni, mlango una kufuli. Kumficha mtoto si kumlinda.

Wengine watasema, "Balimuloga," ao, "Mutoto mwenyewe ni mulozi." Hapana. Mtoto aliyechelewa kupumua wakati wa kuzaliwa anaweza kuumia ubongo. Malaria iliyopanda kichwani na meninjite zinaweza kuleta ulemavu. Surua na masikio yanayotoa usaha zinaweza kuleta uziwi. Mara nyingine sababu haijulikani kabisa, na bado haimaanishi kuna mwenye kosa. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inamwadhibu kwa kifungo yule anayemshtaki mtoto ulozi. Jibu hilo uwe nalo mdomoni, hata mbele ya mama mukwe.

Papa, wewe uliye Kamituga ao Misisi, neno hili ni lako. Shimo likikosa dhahabu, usikubali wakuambie kwamba mtoto ndiye aliyekuletea mkosi. Franga unazotuma zinasaidia, lakini mama akibaki peke yake kumbeba mtoto mkubwa kwenye milima hii, mgongo wake utavunjika. Ukirudi, mbebe wewe mbele ya watu wote. Siku hiyo matusi mengi yatanyamaza.

Sasa kazi ya kila siku. Kwenye ngazi na njia zetu, kiti cha magurudumu hakipiti kila mahali. Seremala wa kartier anaweza kukutengenezea kiti cha mbao chenye mgongo, mbao za pembeni na meza ndogo mbele. Akikaa wima, mtoto anaona watu na mikono yake inapata kazi. Usimlishe akiwa amelala, wala usimwinamishe kichwa nyuma, chakula kisiingie njia ya pumzi. Mpe uji mzito ao sambaza zilizopondwa, kidogo kidogo, na ungoje ameze.

Kwa kifafa: ondoa mawe na moto karibu naye, mlaze ubavu, mwekee nguo laini chini ya kichwa, ngoja. Usimtie kijiko mdomoni. Mate yake hayaambukizi mtu. Dawa aliyoandikiwa anywe kila siku, usiikate bila kumuuliza muganga wa hopitali.

Kwa asiyesikia: mtazame usoni, mwonyeshe kwa mikono. Nyumba nzima ijifunze alama zake, wadogo zake wa kwanza.

Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, kinachojulikana kwa kazi yake na walemavu, na kuna SOSAME ya Mafrere wa Karita kwa magonjwa ya akili. Uliza pale. Juu ya masomo, Katiba yetu ya 2006 inasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inatetea haki za walemavu, masomo pia. Tunajua vita viliingia Bukavu mwezi wa pili 2025 na maisha yakawa magumu zaidi. Lakini haki ya mtoto haikufa siku hiyo.

Anza na hili juma hili: mtoe mtoto wako mlangoni, jua limpige. Waambie majirani watatu jina lake. Waonyeshe namna anavyobebwa, na namna anavyoomba maji. Ukimjua mzazi mwenzako anayeficha wake, mpitie, mtembee pamoja. Wawili hawachekwi sana kama mmoja.

Mbaki salama, tuonane mwezi ujao.