Kucheka zombi si kucheka wafu

Katika vyumba vya video vya Bukavu, vijana wanacheka mpaka machozi pale maiti inapotoka kaburini na kuharibu karamu ya watu. Wazazi wengi hawapendi. Wanasema Kivu imezika watu wengi mno kwa sababu ya vita, na kwamba ni aibu kijana kulipa franga ili acheke wafu. Lawama hiyo ina uzito. Lakini imempiga asiye na kosa.

Neno zombi lenyewe, wataalamu wengi wanalihusisha na Kikongo, na maneno kama nzambi na zumbi. Lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani, mpaka katika koloni ambalo Wafaransa waliliita Saint-Domingue, Haiti ya leo. Huko zombi hakula mtu. Alikuwa maiti iliyoamshwa ili iendelee kutumika, bila malipo na bila kulala. Kwa mtumwa wa shamba la miwa, ni hofu gani iliyopita hiyo: kufa, kisha kesho yake kurudishwa shambani? Filme White Zombie ya 1932 bado inawaonyesha wakizungusha kinu cha miwa. Zombi mla nyama alikuja kuenea kwa George Romero, mwaka 1968, katika Night of the Living Dead, filme ambayo, ajabu, haitaji neno zombi hata mara moja.

Utamu unaanza pale zombi anapoingizwa katika hadithi isiyo yake. Mwaka 2009 Mmarekani Seth Grahame-Smith alichukua kitabu cha Jane Austen cha 1813, kinachohusu mabinti wa Uingereza wanaotafutiwa wachumba, akakijaza mazombi. Mabinti ni wale wale, adabu ni ile ile, ila sasa wamesomea kupigana huko China. Rafiki yao mmoja ameumwa na zombi, anaoza polepole akiwa mke wa mchungaji, na watu wa mezani wanaendelea kula kama vile hakuna kitu. Hapo mtu anacheka, sababu anajua meza ya namna hiyo. Kila familia ina jambo linalooza mbele ya wageni na hakuna anayelitaja.

Shaun of the Dead, ya 2004, inafuata njia hiyo. Kijana wa London ameachwa na mchumba wake. Asubuhi anaenda dukani, barabara imejaa maiti zinazotembea, naye haoni tofauti yoyote na jana.

Upuuzi huu unashika kwa sababu hakuna anayecheza kizembe. Zombi anabaki hatari, mapenzi yanabaki mapenzi. Mwandishi akianza kumkonyeza msomaji kila mara, mchezo unakufa. Wengi wanaoiga wanaanguka hapo.

Wazazi wenyewe wanajua jambo hili kuliko wanavyokubali. Kwenye matanga, usiku ukiwa mrefu, kuna mjomba atakayesimulia vituko vya marehemu mpaka wajane wacheke. Hakuna anayesema amemdharau maiti. Kicheko kinawapa watu nguvu ya kufika asubuhi.

Tena kazi hii haidai mali nyingi. Mjapani Shinichiro Ueda alitengeneza One Cut of the Dead mwaka 2017 kwa yeni milioni 3 hivi, pesa ndogo sana katika sinema, na waigizaji wasiojulikana. Dakika 37 za mwanzo zimepigwa bila kukata kamera. Filme hiyo iliingiza zaidi ya mara elfu moja ya pesa iliyotumika.

Basi kijana wa Bukavu mwenye simu nzuri anangoja nini? Apige mahari. Wajomba wa pande mbili wamekaa, wanabishana juu ya mbuzi wa mwisho, na zombi anabisha mlangoni. Hakuna anayetaka kusimama wa kwanza, maana atakayesimama ataonekana amekubali bei. Shangazi anafungua, anamtazama mgeni kuanzia miguu mpaka kichwa, anamuuliza: wewe ni wa upande gani?