Kasoko za vimondo na matumaini ya madini

Kasoko ya Vredefort, kusini-magharibi mwa Johannesburg, Afrika Kusini, ilitokana na kimondo kilichoanguka takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Upana wake wa awali unakadiriwa kufikia kilomita 300. Dhahabu ya Witwatersrand, eneo la migodi lililo jirani, haikuletwa na kimondo hicho. Ilikuwa imekwisha kutuama katika miamba ya kokoto mamia ya mamilioni ya miaka kabla. Kishindo kiliyapindua matabaka yake na kuyazamisha chini ya mawe mengine, hivyo sehemu kubwa ikaepuka mmomonyoko.

Sudbury, Kanada, ni kisa kingine. Huko joto la mgongano, miaka bilioni 1.85 iliyopita, liliyeyusha ardhi yenyewe. Salfaidi nzito zenye nikeli na shaba zikazama hadi kwenye sakafu ya mwamba huo ulioyeyuka. Wajenzi wa reli walikuta mashapo hayo mwaka 1883.

Kwa hiyo kasoko peke yake si ushahidi wa utajiri. Serikali zinazoombwa leseni zidai kwanza ramani za miamba iliyokuwapo kabla ya kimondo, vipimo vya mvutano na sumaku, kisha sampuli za kuchoronga. Zidai pia, tena kwa ukali, fedha za kufukia mashimo: maji yenye tindikali kutoka migodi iliyoachwa ya Witwatersrand yamekwisha kuchafua mito. Eneo la Vredefort lililotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2005 lisiguswe kabisa.