Mnyonge Apewe Pa Kujificha

Toleo hili, lililoandaliwa hapa Misigiri, ni la wanaobuni dunia. Katika maandiko tuliyopokea, swali moja limejirudia: kwenye mchezo wa kompyuta unaoiga dunia nzima, jamii za viumbe dhaifu zisaidiweje zisifutike? Tuchukue Dwarf Fortress, mchezo wa ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams, uliotoka mwaka 2006. Kabla mchezaji hajagusa chochote, kompyuta hutunga historia ya miaka mingi ya miji, vita na mazimwi. Humo wamo makoboldi, viumbe wadogo wanaoishi mapangoni kwa wizi mdogomdogo. Mara nyingi huangamia mapema.

Wengi wanataka waongezewe nguvu: ngozi ngumu, meno, silaha. Napinga. Koboldi mwenye nguvu za zimwi si koboldi tena, na jamii tuliyotaka kuiokoa itakuwa imeshapotea. Kinachohitaji kubadilishwa ni dunia anamoishi.

Ushahidi unapita hapa Misigiri, njia panda ya Kiomboi, ndani ya malori ya samaki kutoka Mwanza. Sangara anayebebwa humo si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 akatapakaa ziwa zima. Furu, samaki wadogo wa mamia ya aina, wakaliwa hadi aina nyingi zikatoweka; kuchafuka kwa maji nako kulichangia. Lakini wengi wa kwenye miamba, penye nyufa asizopenya sangara, walibaki. Walibaki pia waliokuwa kwenye mafunjo, kwa kuwa maji ya humo yana oksijeni kidogo: furu huivumilia hali hiyo, sangara hawezi. Ngege, samaki mwingine aliyekuwa karibu kwisha ziwani, amesalia katika viziwa vya pembeni kama Kanyaboli, Kenya. Hakuna hata mmoja aliyeongezewa jino. Na uvuvi ulipompunguza sangara, aina kadhaa za furu zilirudi kwenye maji ya wazi.

Mwaka 1958 mtafiti Carl Huffaker wa California alichapisha majaribio ya jambo hilohilo kwa utitiri wa aina mbili, mwindaji na windo, waliowekwa kwenye machungwa. Mwindaji alipoweza kumfikia kila windo kwa urahisi, windo lililiwa likaisha au karibu kuisha, kisha mwindaji akafa kwa njaa. Alipoongeza machungwa, akaweka vizuizi vya mafuta mazito na vijiti ambavyo windo lingeweza kupeperuka kutoka juu yake, wote wawili wakadumu muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo nawaomba wabunifu wetu wachore mapango yenye mdomo mwembamba, na mbuga zinazojaa tope kama Wembere wakati wa masika, ambamo zimwi likiingia linakwama. Wawape makoboldi akili ya kuhama kabla vita havijafika, na njia ya kurudi vikipita. Maficho yawe na gharama yake, chakula kiwe haba humo, ili kutoka nje kubaki uamuzi mgumu. Ramani tatu za namna hiyo zinaanzia ukurasa unaofuata.