Mtoto Hasumbui

NJIA PANDA
Na Mwanaidi Mloka

Jumapili moja asubuhi nilipita kwa jirani yangu hapa Mikumi, nikamkuta mjukuu wake amekaa mkekani uani. Mwaka mmoja na miezi minne. Nikapiga shikamoo, nikaitikiwa, nikapewa kigoda. Nilikaa pale karibu saa nzima na yule mtoto hakuondoka alipowekwa. Hakulia, hakutambaa, hakuvuta kanga ya mtu. Kuku akaja akamdonolea andazi lake palepale mapajani; akamtazama tu.

"Huyu hana makuu," bibi akaniambia kwa fahari. "Namweka hapo, nakwenda kisimani, narudi namkuta hapohapo. Hasumbui."

Kitu pekee nilichomwona akikifanya kwa juhudi ni kulamba ukuta. Nyumba ni ya udongo, na usawa wa kichwa chake palikuwa na kishimo kilicholainika kama sehemu inayoshikwa kila siku. Analowesha kidole, anasugua, analamba. Bibi akacheka: mama yake naye, alipokuwa na mimba yake, alikuwa hapitwi na udongo wa pemba sokoni.

Nikauchukua mkono wake nikaulaza juu ya wangu. Kiganja changu kilikuwa na wekundu wake wa kawaida. Chake kilikuwa kama karatasi.

Wiki mbili baadaye akashikwa na homa, akawa anahema kwa shida, akapelekwa hospitali kwa bodaboda usiku. Damu ilikuwa tano. Ndugu wawili wakatoa damu, mtoto akaongezewa, akapona. Nayaeleza haya si kwa ajili ya kuilaumu familia ile. Nilipoomba kadi ya kliniki niliona haina pengo: chanjo zote, uzito kila mwezi, alama zinapanda kama inavyotakiwa. Mtoto alikuwa amepelekwa kupimwa kila alipotakiwa kupelekwa. Alipimwa kilo.

Watu wanadhani mtoto aliyeishiwa damu ni yule aliyekonda. Angekuwa amekonda angeonekana. Huyu wetu alikuwa na mashavu. Na kuna jambo jingine linaloficha weupe huu, nalo ni wingi wake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 59 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana damu pungufu. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika asilimia 40 tu, hilo ni tatizo kubwa la afya ya umma. Sasa mama akimlinganisha mwanawe na wa jirani, na wa jirani naye damu haijai, atajuaje? Kijiji kizima kinakuwa na watoto wapole.

Tuliwahi kupiga hatua. Mwaka 2004/05 walikuwa asilimia 72. Ilipofika 2010 wakawa 59. Tukapiga makofi, na tangu hapo hatujasogea: 58 mwaka 2015/16, 59 tena mwaka 2022. Katika miaka hiyohiyo malaria kwa watoto wa umri huo ilishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2007/08 hadi 8 mwaka 2022, ingawa haikushuka kwa mstari ulionyooka. Ingekuwa mbu peke yake ndiye mwenye kosa, damu ingepanda.

Wahenga wetu walikuwa na neno safura, lenye asili ya Kiarabu kwenye rangi ya manjano, na walilitumia kwa minyoo, kwa kupauka na kwa kula udongo, vyote kwa pamoja. Daktari wa leo angevitenganisha. Mimi naona waliotuachia neno lile walijua kwamba mambo haya hayaji moja moja.

Anza na mama. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyopewa tumboni, inayomtosha miezi sita hivi. Mama mwenye damu pungufu anatoa akiba pungufu, na utafiti uleule wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa umri wa kuzaa wako hivyo. Mtoto akizaliwa njiti, akiba inakuwa ndogo zaidi. Kitovu kikifungwa haraka haraka kabla ya dakika moja kupita, damu ambayo ingeingia kwa mtoto inabaki kwenye kondo la nyuma na kwenda kufukiwa. Baada ya miezi sita maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayawezi tena kumtosheleza kwa chuma, na hapo ndipo tunapomletea uji.

Uji wetu tunaujua. Sembe iliyokobolewa, maji, sukari ikipatikana. Asubuhi inayofuata ni chai ya rangi na andazi. Sembe imeachwa bila chuma kingi mashineni, pamoja na pumba. Dona ina chuma zaidi, lakini pumba hiyohiyo ina kitu kinachokishika chuma kisifyonzwe vizuri, kwa hiyo dona peke yake nayo si jibu. Chai ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inazuia hata kile kidogo kilichomo kwenye mchicha na maharage. Kamulia ndimu kwenye mboga, mambo yanageuka. Chuma cha kwenye majani kinapenda uchachu. Dagaa waliosagwa wakitiwa kwenye uji wanafanya kazi ambayo bakuli la majani haliwezi. Juisi ya rozela, ambayo kila mtu hapa anakuambia inaongeza damu, naipenda sana kwa kiu. Kwa damu nisingeitegemea peke yake, sembuse kwa mtoto wa miezi minane.

Serikali ilitoa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye chakula tangu mwaka 2011, na unga wa mahindi umo. Nenda kwenye mashine za kusaga za hapa wilayani, za Kidodi, za Ulaya yetu ya Kilosa, za Kimamba. Mama anakuja na debe lake la mahindi kichwani, anasagiwa, anaondoka nalo. Mahindi yametoka shambani kwake na yanarudi nyumbani kwake. Kirutubishi kinachowekwa kwenye kiwanda cha mjini kitamkuta wapi?

Kuhusu nyama, sisi wa Mikumi tuna kichekesho chetu. Tumepakana na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye nyati na swala kibao; mgeni analipa dola kuwatazama, na mwanakijiji akimgusa mmoja anakwenda jela. Sisemi turuhusu ujangili. Nasema mtoto wa mita chache kutoka barabara kuu iendayo Tunduma, anayeona malori ya shehena na mabasi ya watalii kutwa nzima, nyama anaionja sikukuu. Wafugaji wanaopita Kilosa na ng'ombe wao nao wasidhani wamesalimika. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno, na mtoto mchanga akipewa hayo badala ya ya mama, damu yake inaweza kushuka huku akinenepa.

Halafu ndipo inakuja malaria, kupasua chembe za damu ambazo zilishakuwa chache. Na minyoo ya safura kwa wale waliokwishaanza kutembea peku. Na selimundu, ambayo wengi wanaichanganya na uchawi.

Najua msomaji mwenye haraka anasema: si muwagawie watoto wote dawa ya chuma, kazi iishe? Kisiwani Pemba walijaribu. Ulikuwa utafiti mkubwa sana, maelfu kwa maelfu ya watoto wa chini ya miaka mitatu, wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ya utafiti huo ikasimamishwa, kwa sababu waliopewa chuma walikuwa wanalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na dunia nzima ikashtuka. Penye malaria nyingi, chuma ukikimwaga ovyo unaweza kumsaidia adui. Lakini ndani ya utafiti uleule palikuwa na kundi dogo lililochunguzwa kwa karibu zaidi na kutibiwa malaria mapema, na humo watoto waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika na chuma. Kwa hiyo dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumpa kila mtu bila kujua nani anaihitaji, mahali ambapo homa haidhibitiwi.

Na sisi tuna ushahidi wa nyumbani. Hapo njia panda ya Mikumi, ukikunja kushoto ukitokea Morogoro, unakwenda Ifakara. Huko mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba watoto wachanga wakipewa dawa ya malaria iitwayo SP siku za chanjo, malaria ilipungua kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa nusu. Nusu, kwa kidonge kinachotolewa siku ambayo mama ameshafika kliniki kwa safari yake mwenyewe.

Hilo ndilo ninalotaka halmashauri yetu ya Kilosa ilitazame. Mjamzito akifika kliniki anaulizwa damu ngapi, anachomwa kidole, namba inaandikwa. Mtoto wake akizaliwa, swali linabadilika na kuwa kilo ngapi. Mtoto mgonjwa hutazamwa viganja, ni kweli, lakini aliyekuja kupimwa tu akiwa mzima anarudi na namba ya mzani. Mashine ya kupima damu ni ndogo, inaenea mkononi, inataka tone moja na inajibu kwa dakika moja hivi. Haitakuambia kama ni chuma, malaria au selimundu. Itakuambia nani arudi ndani achunguzwe. Kwa yule mtoto wa mkekani, hilo lingetosha kumpeleka mchana, kwa miguu, badala ya usiku kwa bodaboda.

Fedha? Halmashauri zote zilielekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Haitoshi soda mbili, na bado kuna mahali haifiki. Wanaokaa kwenye vikao vya bajeti pale Kilosa mjini waulizwe imekwenda wapi, na kwa majina ya vijiji.

Hatuhitaji siku mpya wala kampeni yenye fulana. Kila Juni na Desemba watoto wanapangwa foleni kwa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Juni ijayo foleni itakuwepo kama kawaida, chini ya mwembe uleule, na kila mtoto aliye pale ana vidole kumi.