Shaba ya Katanga, unga wa Zambia

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Karavia, hapa Lubumbashi, hujaa wageni. Wenye migodi, mabenki, mawakala wa forodha na wauza mitambo hukutana katika hoteli ya Grand Karavia, karibu na uwanja wa gofu, kwa mkutano mkubwa wa madini unaoitwa DRC Mining Week. Siku hizo madereva hawapumziki, wapishi hawalali, na mwenye nyumba yenye vyumba viwili vya ziada hapati shida ya mpangaji. Vitabu vya shule hugawa uchumi wa taifa katika mafungu: kilimo na madini, kisha viwanda, kisha huduma. Hapa kwetu mafungu hayo hayasimami kila moja kwa miguu yake. Hoteli, usafirishaji, benki, hata fundi wa kushona magwanda ya kazi, wote wanakula kwa mkono wa mgodi. Kilimo ndicho kimebaki nje ya karamu, na swali langu ni hili: fedha ya shaba ifikeje shambani?

Hali hii ina mizizi mirefu. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa 1906, reli kutoka kusini ikafika 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi 1911. Mji ulizaliwa ukiwa na watu wa kulishwa, si watu wa kulima, na tangu mwanzo mahindi yaliletwa kutoka nchi inayoitwa Zambia leo. Kampuni ilipotaifishwa na hatimaye kuitwa Gécamines, utaratibu ulibaki uleule: mshahara, nyumba, hospitali, shule na posho ya unga. Wazee wa mtaa wa Gécamines bado wanasema kampuni ilikuwa baba na mama. Mwaka 1986 ilitoa takriban tani 476,000 za shaba. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, na ilipofika 1994 hata tani 40,000 hazikufikiwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na Benki ya Dunia ilishiriki. Wengi wao walishika jembe wakiwa na umri wa kustaafu, bila mbegu bora, bila mbolea, na bila barabara ya kufikisha gunia sokoni.

Sasa shaba imerudi kwa nguvu kuliko enzi za Gécamines. Mwaka 2024 Kongo ilivuka tani milioni 3, na kobalti yetu ni zaidi ya nusu ya inayochimbwa ulimwenguni. Februari 2025 serikali ilisimamisha mauzo ya kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na Oktoba ikaweka viwango kwa kila kampuni; bei ikapanda. Lakini serikali hiyohiyo yenye uwezo wa kutikisa soko la kobalti duniani haina la kusema juu ya bei ya unga katika soko la komine ya Kenya, hapa mjini. Bei hiyo huamuliwa mpakani Kasumbalesa, na Lusaka.

Tumeliona hilo kwa macho. Mwanzoni mwa 2024 ukame uliunguza mashamba ya Zambia, na mwishoni mwa Februari nchi hiyo ikatangaza hali ya janga. Hapa bukari, yaani ugali wetu, ikapanda bei katika nyumba ambazo hazijawahi kumiliki hata mche wa mhindi. Agosti mwaka huohuo, Kongo ilipozuia vinywaji kutoka nje ili kulinda viwanda vyake, Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache. Sikatai kulinda kiwanda cha bia na soda. Ila nchi inayogombana na jirani juu ya chupa, huku ikimtegemea kwa unga, imepanga mambo yake kinyume.

Kuna jibu lililowahi kujaribiwa. Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, alizitaka kampuni za madini zilime mahindi, kila moja hekta 500. Nia ilikuwa njema na mashamba kadhaa yalilimwa kweli. Bado nadhani njia hiyo ina kasoro kubwa. Mhandisi wa mgodi hulima kwa sababu ameambiwa. Hupeleka trekta, hulipa kibarua, hupiga picha ya shamba, na bei ya shaba ikishuka shamba ndilo la kwanza kukatwa. Zaidi ya hapo, mkulima wa Kasenga au wa barabara ya Kipushi hapati chochote isipokuwa mshindani mwenye matrekta. Zambia haikufikia mahindi ya ziada kwa njia hiyo. Ilitoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima wadogo na ikaanzisha shirika la umma la kununua mavuno yao na kuyahifadhi. Mpango huo una madeni na ufisadi wake, lakini katika mwaka wa mvua njema malori yao ndiyo yanayopanga foleni Kasumbalesa kuja kwetu.

Sheria yetu inatosha kuanza. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba hadi asilimia 3.5, na wa madini ya kimkakati, kobalti ikiwamo, hadi asilimia 10. Mrabaha huo hugawanywa: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au usultani ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni hutenga pia asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji.

Hiyo asilimia 15 ndiyo ninayoing'ang'ania. Ipo karibu na shamba kuliko fungu lolote jingine. Barabara ya vumbi inayopitika Februari, ghala lisilovuja, mbolea inayofika kabla ya mvua ya Novemba na si baada yake: hayo hayahitaji mkutano wa Kinshasa. Nitajibiwa kwamba fedha za komine huliwa. Kweli zinaliwa, na ni rahisi kula kisichojulikana kiasi chake. Kampuni ikilipa mrabaha, kiasi kibandikwe ukutani kwa ofisi ya komine na ya usultani, kwa Kiswahili, pamoja na jina la barabara iliyotengenezwa na ya ghala lililojengwa. Wanaojua kusoma watawasomea wengine.

Umeme nao, kwa kifupi: laini kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, takriban kilomita 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi, na hadi leo mashine ya kusaga ya mtaani huzimika ili mtambo wa shaba uendelee. Unga unaosagwa kwa jenereta ya mazuti hauwezi kuwa wa bei nafuu, hata mahindi yakitoka hapahapa.

Wenzetu wa Kipushi wanajua kwa nini nasisitiza fungu hilo la mrabaha. Mgodi wao ulifungwa 1993 na zinki ikaanza kutoka tena 2024 tu. Kati ya miaka hiyo mji uliishi kwa bustani, magendo ya mpakani na kuchokora mawe. Sasa kuna mgodi tena na kuna mrabaha tena, na wakulima waliobeba mji ule miaka thelathini bado wanabeba mbolea yao kwa baiskeli kutoka upande wa pili wa mpaka. Fungu lao la kwanza la mrabaha lianzie kwa hao.