Nakuru si Heroe Peke Yao

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Wafanyabiashara wameishika vyema methali hii, lakini mali si fedha na viwanja tu. Siku za mtu nazo ni mali, na aghalabu ndizo tusizozitilia daftari.

Utazameni mji wa Nakuru. Ziwa lake lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na tangu hapo wageni wametoka Ulaya na Marekani na kamera nzito kuwanasa heroe na vifaru. Picha hizo ni nzuri, wala sizibezi. Lakini katika maelfu hayo, yuko wapi mama auzaye viazi vya Molo kando ya barabara? Wako wapi mautingo wa malori yatokayo bandarini kwetu Mombasa, wakinywa chai Salgaa kabla ya kuishika njia ya Uganda? Uko wapi mtaa wa kale wa Bondeni, saa watoto watokapo chuoni na juzuu kwapani?

Ziwa lenyewe limetupa somo. Tangu mwaka 2010 hivi maji yalianza kupanda, likapanuka kwa zaidi ya nusu ya ukubwa wake wa awali. Lango kuu la zamani la hifadhi likafunikwa. Chumvi ya maji ilipopungua chakula cha heroe nacho kikapungua, na wengi wao wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Huko Mwariki maji yakaingia majumbani, wenyewe wakahama. Sasa tuulizane: heroe waliohama, picha zao zimejaa vitabuni. Je, ile baraza iliyozama, ule mti wa uani, ule mlango uliopakwa rangi kwa ajili ya harusi, nani anayo picha yake?

Ndiyo maana naiunga mkono desturi ya kupiga picha moja kila siku, ya jambo dogo la siku hiyo. Desturi yenyewe si mpya. Jamie Livingston wa New York aliianza tarehe 31 Machi 1979, asiache hata alipopatwa na maradhi, mpaka alipofariki tarehe 25 Oktoba 1997. Aliacha picha zaidi ya 6,000. Moja moja hazina kishindo. Zikipangwa kwa tarehe, ni umri mzima wa mtu.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mafundi wake. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu (1932-1993) aliijua kazi hii kwa kujifunza mwenyewe. Lakini studioni mtu huenda amejipamba. Picha ya kila siku humkuta alivyo. Na leo kamera imo mfukoni, ndani ya simu.

Wako watakaouliza habari ya dini. Wanazuoni wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, Mufti wa Misri aliyefariki mwaka 1935, aliandika risala akisema kuwa kamera hukizuia kivuli tu, haiumbi. Wengine hawakukubaliana naye. Basi asiyeridhika na sura za viumbe na apige ngazi, kikapu, au mvua juu ya bati. Hayo nayo ni maisha.

Lisilo na hitilafu ni sitara. Macho hayana pazia, lakini mwenye macho ana adabu. Mama wa viazi na aombwe ruhusa kwanza, na akikataa, simu irudi mfukoni. Wa nyumbani wasianikwe mbele ya watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inailinda faragha ya mtu. Wala picha isiwe ya kujionyesha, kwani riya huiharibu hata ibada, seuze picha.

Enyi vijana wa Nakuru, Gilgil, Njoro na Naivasha, picha moja kwa siku yatosha. Iandikieni tarehe na mahali. Na kwa kuwa simu huibwa na kuvunjika, kila mwisho wa mwezi chagueni chache mkazisafishe kwenye karatasi, ziwekwe sandukuni pamoja na hati za nyumba. Mjukuu atakapouliza Nakuru ya babu yake ilikuwaje, asionyeshwe heroe peke yao.